Kitabu Nilichowasifia

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu shika nusu, nusu nyingine mpe baba yako ukimwona, maana huyo kaka yangu hajui kuandika barua hata ya kuomba radhi. Sisi wazima. Mguu unauma kama kawaida yake, na mimi naulalamikia kama kawaida yangu.

Jana alasiri tumemaliza ile riwaya uliyotutumia, ya mauaji ya ghorofani. Kumbe muuaji ni fundi wa lifti! Cherehani zote kiwandani zilisimama. Mpiga Pasi, aliyekuwa anaapa tangu sura ya tatu kwamba ni daktari, aliisahau pasi juu ya suruali ya sare mpaka ikatoa moshi. Msimamizi akaja mbio. Ikabidi nimsimulie habari nzima, na badala ya kutugombeza akauliza, "Sasa yule mlinzi alikuwa anaficha nini?" Kwa hiyo usidhani tunaoiba muda wa kiwanda ni sisi peke yetu.

Tangu mguu uninyime kukanyaga cherehani, kazi yangu ni kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye sare na kuwasomea wenzangu. Kanuni yangu unaijua: sichungulii mbele. Ukurasa naukuta pamoja nao, maana nikijua mapema sauti itanisaliti. Hata barua zako nazifungulia pale pale na kuzisoma hivyo hivyo, kwa hiyo mambo ya wachumba andika kwa mafumbo.

Hii nakuandikia nikiwa nyumbani kwa sababu maalumu. Tunaye mwenzetu mpya, tunamwita Mama Vifungo, kwa kuwa kazi yake ni vifungo na matundu yake. Mwaka juzi mwanawe wa pekee na wenzake walivunja duka. Mlinzi akapigwa, akapoteza jicho. Kijana akakimbilia kwa mama yake. Mama akampakulia chakula, akatoka kama anayekwenda kuchota maji, akafunga mlango kwa nje, akaenda kuita polisi. Sasa kijana yuko gerezani na hataki kumwona. Nguo anazompelekea zinarudi. Sabuni inarudi. Kule chumba cha cherehani wanaolijua hilo ni wote, na anayelitaja hakuna.

Kwa hiyo damu imetutosha. Tutafutie riwaya ya ukoo, watu waoane, wagombanie nyumba, wapatane. Kitu cha kumpumzisha huyu mama, maana siku hizi ameanza kucheka kidogo. Wewe uko kwenye duka la vitabu, wewe ndiye jicho letu. Nimewaambia kwamba binti wa kaka yangu hasifii kitabu ambacho hajakisoma mpaka neno la mwisho.

Shangazi yako


Dukani, 9 Februari

Shangazi yangu, shikamoo. Na ninyi nyote mnaosikiliza, wakubwa shikamooni, wa rika langu hamjambo. Mpiga Pasi, pole na daktari wako.

Lile uliloniandikia ukiwa nyumbani nimelielewa, ndiyo maana sikukurupuka. Vitabu vipya vizuri mezani kwetu ni vitatu. Kuna cha upelelezi, mhasibu amekutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Kitamu, ila damu inaanza ukurasa wa kwanza. Kuna cha kusisimua, mwanamke anapigiwa simu kwa namba ya mume aliyekwisha kumzika. Hicho kitawanyima usingizi, tukiweke akiba.

Cha tatu ndicho chenu, na nimekifunga kwenye kifurushi hiki. Ni ukoo wa mafundi saa, vizazi vitatu chini ya paa moja. Babu anaanza na meza moja kando ya barabara, anaoa bibi anayefika na sanduku lisilofunguka. Kuna mashangazi wawili wanaogombania dirisha lenye mwanga, na hawa, samahani Shangazi, wamenikumbusha watu fulani. Nilicheka peke yangu dukani mpaka wateja wakageuka. Ni kitabu cha upole, kinamshika msomaji mkono tangu mwanzo na hakimwachi mpaka mwisho. Nimekiandikia kadi ya "Chaguo Langu la Mwezi", na nakala zinanyakuliwa.

Kisomeni bila wasiwasi wowote. Kama kuna kitabu ambacho ningekitolea dhamana, ni hiki.

Mwanao


Chumba cha cherehani, wakati wa mapumziko, 2 Machi

Mwanangu,

Tuko sura ya kumi na nne na hatuna muda wa kuumwa. Jana Fundi wa Kola alikuja na homa kwa sababu tu alitaka kujua sanduku la bibi lina nini. Tumelifungua, na tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Mama Vifungo amehamishia kiti chake karibu na kigoda changu. Anampenda sana yule mke wa mtoto wa pili, mwenye mdomo. Anasema, "Huyu ni mimi kabisa, hata kelele zake." Wenzangu wanamtania, naye anawajibu. Sikujua kama ana utani mzuri namna ile.

Neno moja tu. Mtoto wa huyo mwenye mdomo ameanza kuiba vipuri vya saa na kuviuza. Roho yangu imestuka kidogo. Ningekuwa na shaka nawe ningechungulia kurasa za mbele kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, lakini wewe umekisoma na habari za huyu mama unazijua. Kama kuna kitu, niandikie upesi. Ukinyamaza nitajua kwamba njia ni nyeupe.

Shangazi yako


Nyumbani, 13 Machi

Binti wa kaka yangu,

Nilikuuliza. Ulinyamaza. Nikaendelea.

Jana tulifika sura ya ishirini. Yule kijana amemjeruhi mtu, amekimbilia kwa mama yake, mama anampakulia. Nilikuwa nasoma kwa sauti yangu ile ya mambo makubwa, unaijua, naivuta, nawaweka roho juu. Nikasoma kwamba mama ametoka nje. Nikasoma kwamba ameushika ufunguo. Wakati akili yangu inafika, ulimi ulikuwa umekwisha kuufunga mlango kwa nje.

Hakuna cherehani iliyolia. Kila mtu aliangalia kitambaa chake. Mama Vifungo alisimama, akaliweka shati la mtoto mezani, akalikunja vizuri, akaniambia, "Kumbe mlikuwa mnanitafutia kitabu changu." Akaondoka na tondoo yake ya kukinga sindano bado kidoleni. Leo hakuja.

Wenzangu wameniambia kwa upole kwamba nilikusudia. Fundi wa Kola amesema labda niliona ni dawa. Hata Mpiga Pasi hakunitania. Nimewasomea watu hawa miaka na miaka na sijawahi kuona aibu kukalia kigoda kile. Jana niliona aibu ya kushuka chini ya meza.

Nataka jibu moja. Ulikisoma kitabu chote, ukajua kilicho ndani, na ulijua habari ya huyu mama kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikituma kwa nini?

Shangazi yako


Dukani, 17 Machi

Shangazi yangu, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na sijakaa vizuri tangu hapo. Nisamehe kwa kunyamaza. Kazi zilinibana.

Ndiyo, nilijua. Nilikichagua kwa sababu hiyo. Niliona kwamba huyu mama amezungukwa na ukimya wa watu wema, na ukimya huo pengine unamwambia kila siku kwamba alilolifanya halisemeki. Nikafikiri, akisikia mwanamke mwingine amepita njia ile ile, tena mwanamke anayempenda na kumcheka, ataona kwamba hayuko peke yake duniani. Nilikosea kutokukutahadharisha, na hilo ni kosa langu tupu.

Lakini mwambie asikihukumu kitabu kwa sura ya ishirini. Mwisho wake ndio ulionifanya nikichague. Akifika mwisho ataelewa kwa nini nilimfikiria yeye.

Mwanao akupendaye


Chumba cha cherehani, 25 Machi

Mwanangu,

Barua yako niliifungua mbele ya watu wote, kama ninavyofanya, nikaisoma bila kujua inakwenda wapi. Nilipofika pale kwenye ukimya wa watu wema, Fundi wa Kola alianza kulia. Mpiga Pasi akasema, "Huyo mtoto katusema sote, na kasema kweli." Kisha tukafanya jambo ambalo hatujawahi. Tulifunga kazi mapema, Msimamizi mbele, tukaenda nyumbani kwa Mama Vifungo, na mlangoni kwake nikaisoma barua yako tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba aishike. Kesho yake alikuja kazini.

Mimi nilikukasirikia, na sasa naona haya kwa hasira yangu. Nilidhani umefanya uzembe, kumbe ulikuwa umeona mbali kuliko sisi tunaokaa naye. Nimemwandikia baba yako kumwambia mtoto aliyemzaa.

Ameomba akuandikie mwenyewe. Barua yake iko humu ndani, sijaisoma.

Shangazi yako anayejivunia


24 Machi

Dada wa duka la vitabu,

Sijazoea kumwandikia mtu nisiyemjua. Utanisamehe.

Siku ile nilikimbia kwa aibu. Si aibu ya nilichokifanya, hiyo nimekwisha kuizoea. Ni aibu ya kusikia kinasomwa kwa sauti nzuri, na watu wanakisubiri kwa hamu. Nikadhani mmeniweka katikati mnitazame.

Barua yako imenibadilisha. Tangu mwanangu achukuliwe, watu wamenipa chakula na pole na wakanipisha njia. Hakuna aliyekaa na kunifikiria kwa urefu wa kitabu kizima, wewe umefanya hivyo na hujawahi kuniona.

Nilikuwa nimeapa sitakwenda tena gerezani. Mara ya mwisho nililia mbele ya walinzi, kitu ambacho sitaki kurudia. Lakini umesema mwisho ndio sababu, kwa hiyo nimejijibu mwenyewe kwamba yule kijana anamsamehe mama yake. Jumapili tarehe 31 nakwenda. Nitakipeleka kitabu chenyewe. Shangazi yako na wenzangu wamekubali kukikosa kwa muda. Nguo anazirudisha, labda kitabu hatakirudisha, na akifika mwisho labda ataona kama ulivyoona wewe.

Kama kuna neno napaswa kulijua kabla ya kwenda, niandikie.

Mama Vifungo, kama wanavyoniita


28 Machi

Mama,

Barua hii isome peke yako. Usimpe Shangazi aifungue mbele ya watu. Kitabu usikipeleke.

Nilikuwa sijakisoma.

Nilisoma sura tatu za mwanzo na maneno ya nyuma ya jalada. Kicheko changu dukani kilikuwa cha kweli, cha wale mashangazi wa dirishani, na kiliishia hapo. Zamani nilikuwa nasoma kweli. Nyumbani waliniita Mla Vitabu na nililipenda jina hilo. Tangu nianze kazi hapa, kila wiki natakiwa kuandika kadi za kusifia vitabu vipya, vingi kuliko anavyoweza kusoma mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi amechoka. Nikajifunza kuandika bila kusoma. Wateja wakarudi kunishukuru. Ile ya fundi wa lifti niliyoituma kwenu sijui hata leo lifti ilikuwa ya jengo gani.

Shangazi aliponiandikia kuhusu kijana anayeiba vipuri, kitabu kilikuwa mezani mbele yangu. Ningeweza kukifungua. Niliona kwamba nikikifungua nitalazimika kukiri kwamba sikujua, nikaiweka barua kwenye droo.

Na ile barua iliyosomwa mlangoni kwako niliitunga. Sikukufikiria wewe hata kidogo, nilifikiria uso wangu tu. Maneno yale mazuri yalikuja kwa urahisi sana, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba yalikuja kwa urahisi.

Baada ya kusoma barua yako niliomba ruhusa nikisema naumwa, nikakaa stoo kati ya makasha, nikakisoma chote. Nitakwambia mwisho wake bila kuupaka sukari. Mama anakwenda gerezani mara moja. Kijana hatoki. Mama anarudi nyumbani na hakanyagi tena pale. Anazeeka. Kila chakula anaweka sahani moja ya ziada na hakuna anayethubutu kuiondoa. Kijana anatoka kifungoni akiwa mtu mzima, anapita mbele ya nyumba, anaona pazia linatikisika, anakwenda zake. Kitabu kinaishia kwenye lile pazia. Hamsamehe. Hata hawaonani.

Nimelia, na sitaki unihurumie kwa hilo.

Ninayo namba ya simu ya Msimamizi wenu. Ningepiga sasa hivi ungejua ndani ya dakika moja. Nimeiandika namba, nikaifuta, nikaiandika. Siwezi kusikia sauti yako ikinyamaza upande wa pili. Nakutumia hii kwa basi la kesho asubuhi, itakufikia kabla ya Jumapili.

Sijui nijiite nani hapa chini


Nyumbani, 2 Aprili

Wewe,

Bahasha yako ilipokelewa ofisi ya basi jana, Jumatatu. Barua umeiandika tarehe 28. Muhuri wa basi ni wa tarehe 30, Jumamosi jioni, na Jumapili ofisi haifunguliwi. Siku hizo mbili barua ilikuwa wapi?

Jumapili alikwenda. Alivaa gauni aliloshonewa na Fundi wa Kola, sote tulichangia vifungo. Kijana hakutoka. Alikaa kwenye benchi mpaka muda ukaisha. Akamwachia mlinzi kitabu, mlinzi akakipekua ukurasa kwa ukurasa, akakipeleka ndani. Hakikurudi. Jana asubuhi alikuja kazini anatembea kama msichana, anasema, "Amekipokea. Kitu changu cha kwanza alichokipokea." Saa nne barua yako ikafika.

Aliisoma peke yake kule kwenye mafungu ya vitambaa, kama ulivyotaka. Kisha akaja kwenye kigoda changu akanipa. Nikasema, imeandikwa isisomwe mbele ya watu. Akaniambia, "Ile nyingine ilisomwa mbele ya watu, tena mara mbili. Na hii isomwe."

Basi nikasoma, mwanangu. Mimi, kwa sauti yangu, bila kuchungulia mbele. Kila neno lako nililikuta mdomoni mwangu mwenyewe. Nilipofika kwenye "niliitunga" nikataka kuacha, wakaniambia endelea. Mpiga Pasi alichomoa waya wa pasi. Nilikuwa nimewaringia kwa ajili yako, unaelewa? Nilikuwa nimemwandikia baba yako. Nikafika mwisho pale ulipokosa jina la kujiita, na mimi pia sikuwa nalo.

Kitabu hakitolewi tena. Kiko ndani, na kijana anakisoma, na anakwenda kwenye mwisho ule peke yake.

Wenzangu wanataka kumaliza. Si mimi ninayeomba. Mama Vifungo amesema haiwezekani mwanawe ajue na yeye asijue kwa masikio yake. Tuma nakala nyingine.

Shangazi


Dukani, 5 Aprili

Shangazi, shikamoo,

Ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ijumaa nilipita mbele ya ofisi ya basi, nikakuta foleni, nikajiambia nitarudi mchana. Mchana nikajiambia jioni. Foleni ilikuwa ya watu wachache tu. Jumamosi nilijua kwamba haitawahi, na nafikiri ndiyo sababu niliweza kuituma.

Hilo ndilo jibu, na sina la kulipamba.

Nakala iko humu. Kadi zangu zote za dukani nimezitoa. Bosi aliuliza kwa nini, nikamwambia, akasema, "Nani anasomaga hivyo vitabu vyote? Zirudishe." Sikuzirudisha, akaziandika upya yeye mwenyewe. Nimebaki kwenye mashine ya risiti. Wateja wanakuja kuniuliza wasome nini, nawaambia sijui, wanadhani ninaringa.

Unapofungua barua hii nadhani unaisoma kwa sauti. Wote mnaonisikia, nawaonea haya. Mama Vifungo, nakuonea haya wewe zaidi ya wote. Siombi kitu.

Mtoto wa kaka yako


22 Aprili

Dada wa duka la vitabu,

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu Shangazi yako anasema mkono wake bado haujakusamehe. Mdomo umekwisha kusamehe, anakutaja kila siku.

Nianze na hasira. Ninayo. Ulinipa matumaini ambayo hayakuwa yako kutoa, nami nikayavaa nikaenda nayo mpaka kwenye lile benchi. Muhuri ule wa Jumamosi umeniuma kuliko ile barua ya uongo. Ule uongo uliusema ukiwa hunijui. Foleni ya basi uliikimbia ukiwa umeshanijua.

Tumemaliza kitabu wiki iliyopita. Shangazi yako alisoma sura ya ishirini tena tangu mwanzo, kwa ombi langu, na safari hii sikuondoka. Nilikuwa natia vifungo vya kaptula. Alipofika kwenye kufunga mlango, Fundi wa Kola aliuliza mbele ya wote, "Na wewe ulipofunga, mkono ulitetemeka?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia haukutetemeka, ulitetemeka baadaye, nilipoukuta ufunguo mfukoni nikiwa kituo cha polisi. Tukaongea mpaka kengele. Sikwambii haya kukupa sifa ya jambo hilo. Halikutoka kwako.

Mwisho wa kitabu niliusikia kama ulivyouandika. Pazia, basi. Mpiga Pasi alikasirika, akasema mwandishi amewakimbia wasomaji. Mimi nilikuwa nafikiri kwamba kuna mtu mahali fulani naye amelifikia pazia hilo, na amelala nalo.

Sikutaka kwenda tena. Nilisema, kama kitabu kinasema mama aende mara moja tu, basi mimi nimekwisha kwenda mara moja. Jana Jumapili nikavaa nikaenda. Sijui kwa nini, miguu ilijua.

Hakutoka. Ujue hivyo, usije ukafikiri nimekuja kukupa mwisho mtamu ukalale. Nilikaa benchi lile lile. Muda ulipokaribia kuisha, mlinzi yule aliyepekua kitabu alikuja akasimama mbele yangu, anaona aibu kidogo, maana alikuwa amebeba maneno ya mtu. Akasema, "Mwanao amekimaliza. Amesema nikwambie kwamba yule mama wa kwenye kitabu alikosea. Nikamuuliza, kwa kufunga mlango? Akasema hapana. Alikosea kuja mara moja tu."

Kisha mlinzi akasema kuna jambo la pili, kijana anataka kitabu kingine, na anauliza nani huwa ananichagulia.

Nilikuwa na majibu mengi, dada, ya kusema juu yako, na yote yalikuwa ya kweli. Mwisho nikamwambia, "Mwambie kinakuja, nitakileta mwenyewe. Ila asubiri kidogo. Anayenichagulia bado hajamaliza kukisoma."

Mama Vifungo